Mama kapooza Malindi, mume yuko baharini, nami Yokosuka najibu "hatujambo"

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mke wa baharia. Nimezaliwa Malindi, na sasa naishi Yokosuka, mji wa bandari kusini mwa Tokyo ambako Jeshi la Wanamaji la Marekani lina kambi yake kubwa. Mume wangu ni Mkenya mwenzangu. Alipata green card kwa bahati nasibu, akaenda Marekani, akajiunga na jeshi na kupata uraia akiwa humo humo jeshini. Tulioana nyumbani, nikasubiri makaratasi, nikamfuata Virginia, na kabla sijaizoea Virginia tukahamishiwa Japani. Tuna watoto wawili: wa kiume ana miaka sita, wa kike miwili.

Mume wangu ni fundi wa mitambo kwenye manowari. Jina la meli na tarehe zake sitazitaja, ndivyo tulivyofundishwa. Niseme tu kwamba waliondoka kabla ya mvua za Juni, na hatuwatarajii mpaka joto liishe.

Watu nyumbani wakisikia Japani wanawaza magari na taa. Nyumba yetu ni ya kupanga, nje ya kambi, juu ya kilima, na kuifikia ni ngazi tupu. Gari huachwa chini. Napanda na mtoto mgongoni, mifuko ya ununuzi mikononi, mvulana nyuma analalamika kwamba miguu imekufa. Taka zina siku zake: za kuchomwa siku yake, plastiki siku yake, chupa na makopo siku yake, na ukikosea mfuko wako unaachwa pale pale umebandikwa karatasi ya kukuonya, majirani wote wakiuona. Tetemeko likija usiku simu inapiga kelele kabla kitanda hakijaanza kutikisika, nami nawavuta watoto wote wawili kifuani na kusubiri. Nimezoea mengi. Hata kuendesha gari nilizoea kabla ya wake wa Kimarekani, kwa kuwa huku wanapita kushoto kama kwetu. Ugali napika kwa unga wa mahindi wa Kimarekani wa dukani kambini. Si ule, lakini unashiba.

Mwezi uliopita mama yangu alipata kiharusi. Upande wa kushoto umelegea na maneno yanatoka kwa shida. Alitolewa hospitali, yuko nyumbani kwa kaka yangu mkubwa, na anayemuuguza ni wifi yangu. Wifi ana watoto wake, na alikuwa na biashara ya mahamri ambayo sasa ameifunga. Kila siku saa mbili usiku nikishawalaza watoto, kwao ni saa nane mchana, nampigia. Wifi anamwekea mama simu sikioni. Mama ananiuliza jambo moja tu: "Waja lini?"

Kaka ameandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia: "Sisi wengine tuna kazi. Wewe huko unakaa tu, unalishwa na serikali ya Marekani. Njoo umuuguze mama." Mdogo wangu wa kike akaweka alama ya kidole gumba. Sikujibu. Natuma pesa kila mshahara ukiingia, na hilo halikutajwa.

Sasa nije kwenye linaloninyima usingizi. Mume wangu hajui. Mama alipoanguka, mawasiliano ya meli yalikuwa yamezimwa, jambo ambalo hutokea na hatuambiwi sababu. Yalipofunguliwa ikaja barua pepe yake: "Mama Malindi hajambo?" Nikaandika, "Hajambo, anakusalimu." Kuna mama mmoja hapa, mke wa baharia wa miaka mingi, aliniambia habari mbaya zikae nchi kavu mpaka meli irudi, kwa sababu mtu aliye kwenye mashine akiwaza nyumbani anaweza kukatika mkono. Baadaye walitia nanga bandarini mahali, akapiga simu ya video. Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikazima picha, ili asiyaone macho yangu.

Mama mshauri, ujue kwamba mume wangu anampenda mama yangu sana. Alipoleta posa, kaka alimkataa kwa sababu ni mtu wa bara. Mama ndiye aliyesema, "Huyu ndiye."

Nimefikiria kwenda na watoto kwa muda mfupi. Nimefikiria pia kuondoka moja kwa moja; nasikia jeshi huwa linairudisha familia mapema ukiomba. Lakini naogopa makaratasi yangu ya uraia, naogopa nauli, na naogopa siku meli itakaporudi, familia zimejipanga gatini na mabango, yeye ashuke asione mtu.

Na kuna jambo sijamwambia yeyote. Wifi alipopiga simu usiku ule, kabla sijaanza kulia, wazo la kwanza kunijia lilikuwa: sasa nina sababu ya kuondoka hapa. Sijui kama namtaka mama au naikimbia Japani.

Mwanangu ameanza kuniuliza mbona nalia jikoni. Nimemwambia ni kitunguu. Nimwambie nini?

Mke wa baharia,
Yokosuka


JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa ugonjwa wa mama, na pole kwa kuubeba peke yako katika nchi ambayo hata jirani wa ukuta mmoja huna lugha ya kumwambia.

Nianze na lile uliloliandika karibu na mwisho, maana nadhani ndilo lililokugharimu zaidi kuliandika. Umejishika na wazo lililokujia usiku, nawe umelifanya ushahidi dhidi yako, kana kwamba limefichua kwamba humpendi mama, unatafuta tu mlango. Mimi silisomi hivyo. Umeshinda miezi ukipanda ngazi zile na watoto wawili bila mtu wa kukupokea hata mfuko mmoja. Aliyechoka namna hiyo akisikia kengele yoyote atafikiri kwanza kupumzika. Unaweza kumtaka mama kwa moyo wote na wakati huo huo uwe umeichoka Japani. Kimoja hakikifanyi kingine kuwa uongo.

Ila nikuombe ujiulize swali moja, ulijibu polepole: mama angekuwa mzima leo, ungetaka kuondoka? Ikiwa jibu ni ndiyo, basi huo uchovu ni jambo linalojitegemea na linahitaji dawa yake. Nalisema hili kwa sababu nimewaona mabinti wengi wakienda kuuguza wakidhani wanakwenda kupumzika kwao. Kumgeuza mgonjwa wa kiharusi kitandani, kumwogesha, kumlisha kijiko kwa kijiko, kumfanyisha mazoezi asiyoyataka, na watoto wako mwenyewe wawili wamekushika kanga: hiyo ni kazi nzito kuliko zile ngazi. Huenda ndiyo kazi unayotaka kuifanya, na kuna furaha ndani yake. Uiendee tu ukiijua.

Sasa mume wako. Ushauri uliopewa na yule mama sitaudharau. Ametoka mbali nao, na wake wa mabaharia wengi wameishi kwa kanuni hiyo. Chumba cha mitambo cha manowari ni mahali pa hatari kweli, pana joto, kelele na mashine zisizosubiri mtu amalize kuwaza. Na baharini mtu hana la kufanya: hawezi kupanda matatu akaja. Anaweza akasoma barua yako asubuhi, mchana mawasiliano yakazimwa tena, akabaki na habari nusu kwa siku nyingi. Hayo yote ni kweli.

Lakini nitazame pamoja nawe upande wa pili. Yeye amekuuliza habari za mama kwa jina. Hakuuliza "nyumbani hamjambo" ya kupita tu. Siku atakapojua, na atajua, atahesabu kurudi nyuma mpaka kwenye ile barua, mpaka kwenye ile simu iliyozimwa picha. Wapo waume ambao wangesema, "Ahsante, ulinihifadhi." Wapo ambao wangesikia jambo lingine kabisa: kwamba mke wangu aliniona mtu wa kufichwa. Wako ni yupi? Unamjua wewe, mimi simjui, na yule mama aliyekushauri naye hamjui. Aliongea kuhusu mumewe.

Halafu, je, siri hii iko mikononi mwako kweli? Kikundi cha familia kina watu wangapi? Mdogo wako, binamu, shangazi, mmoja wao akiandika Facebook "tumwombee mama yetu" na mumeo akafungua simu bandarini akiwa na saa chache za kupumzika, ataisoma akiwa amesimama barabarani katika nchi ya watu, bila wewe kumweleza lolote. Hiyo ndiyo hatari ninayoiona kubwa kuliko ya kumwambia, lakini wewe ndiye unayewajua ndugu zako na midomo yao.

Nina swali lingine na ukiona nimekosea lipuuze. Umenisimulia habari ya posa, kwamba kaka alimkataa na mama akamkubali. Je, katika kumficha mumeo kuhusu mama, kuna kiasi cha kumficha pia maneno ya kaka? Kwa sababu ukimwambia mama anaumwa atauliza ndugu wanasemaje. Na ukimwambia kaka amesema "unakaa tu, unalishwa", utakuwa umechokoza donda la zamani kati ya wanaume wawili walio mbali, nawe ukiwa katikati. Kama ndivyo, yanaweza kutenganishwa. Habari ya ugonjwa ni ya mama, na mumeo ana haki nayo kama mkwe aliyependwa. Ugomvi wa WhatsApp unaweza kusubiri meli irudi, au usimfikie kamwe.

Ukiamua kumwambia, namna ina maana kuliko siku. Barua inayosema "mama anaumwa, nitakueleza zaidi" ndiyo inayomtesa mtu aliye kwenye meli. Barua inayokaa vizuri kichwani ni ile yenye habari nzima: kilichotokea, daktari amesema nini, mama anaweza kufanya nini leo na nini bado, nani yuko naye, na nini humwombi afanye kwa sasa. Hilo la mwisho usilisahau. Mwanaume akisoma habari mbaya anatafuta kazi ya kufanya, na asipoiona anaumia mara mbili. Mpe hata ndogo: amwandikie mama ujumbe, wewe umsomee ile saa mbili usiku. Na uziwekee barua zako namba, kama wanavyofanya wake wengi wa mabaharia, maana mawasiliano yakifunguliwa zinaweza kuingia kwa fujo, ya tatu kabla ya ya kwanza.

Kuna pia njia isiyopita kwako peke yako. Msalaba Mwekundu wa Marekani una huduma ya kupeleka habari za dharura kwa askari, kifo au ugonjwa mkubwa katika familia. Unapiga simu, wao wanathibitisha na hospitali au daktari, kisha wanaipeleka kwa wakuu wake, ambao ndio wanaomwita na kumweleza. Wengi hudhani ujumbe huo ni ruhusa ya kurudi. Sivyo: ruhusa inaamuliwa na kamanda, na kwa meli iliyo kazini anaweza kukataa. Lakini hata kama leo huna nia ya kuitumia, ningependa uwe tayari. Kiharusi kinaweza kurudi. Mwombe wifi akutumie sasa, mchana kweupe mambo yakiwa yametulia, jina la hospitali, jina la daktari na namba ya simu inayopokelewa. Uyaandike karibu na jina kamili la mumeo, tarehe yake ya kuzaliwa, cheo na kikosi. Usiku wa simu mbaya hutataka kuanza kumtafuta daktari wa Malindi ukiwa Yokosuka, hali huko ni jioni na ofisi zimefungwa.

Nije kwenye safari. Umeziandika safari mbili katika sentensi mbili zinazofuatana, nami naona ziko mbali sana. Kwenda kumwona mama wiki kadhaa na kurudi ni jambo moja. Kuomba jeshi liirudishe familia mapema ni jambo lingine: vyombo vinafungwa na kusafirishwa, nyumba inarudishwa, posho zinabadilika, na ukitaka kurudi Japani kabla muda wake wa kazi haujaisha usitegemee kwamba watakulipia tena. Isitoshe, ombi hilo hupitia kwa mumeo na wakuu wake. Huwezi kulifanya yeye akiwa hajui. Kwa hiyo mlango huo, ukiutaka, unaanza na ile ile barua uliyokwepa kuiandika.

Safari fupi nayo ina yake. Uko Japani chini ya mkataba wa mwaka 1960 kuhusu hadhi ya majeshi ya Marekani, ule wanaouita SOFA, na si kwa viza ya kawaida. Mwenye pasipoti ya Kenya kwa kawaida huhitaji viza kuingia Japani, basi kabla hujakata tiketi hakikisha kambini ni nyaraka gani utakazoonyesha siku ya kurudi. Usije ukakwama Doha au Addis Ababa na watoto wawili na mizigo. Uwe na barua ya baba yao ya kuridhia watoto wasafiri. Hapo tena jina lake linarudi. Uulize kukaa kwako nje muda mrefu kutaigusaje posho ya gharama za maisha, ambayo huangalia wategemezi walioko.

Kuhusu uraia, woga wako una msingi na pia una faraja. Sheria ya Marekani inamruhusu mke wa askari anayeishi naye nje kwa amri ya jeshi kuhesabiwa kama anaishi Marekani, na hata kuapishwa nje ya nchi. Lakini kinga hiyo imefungwa kwenye amri inayokuweka Japani. Ziara ya kumwona mgonjwa ni jambo moja, miezi mingi Malindi ni jambo ambalo wakili lazima alipime. Wanasheria wa kambini hutoa ushauri bila malipo kwa familia za askari. Nenda kabla ya kuamua, ukiwa na green card na nakala ya amri mkononi. Na nauli: jumuiya ya Navy-Marine Corps Relief Society hutoa mikopo isiyo na riba, na wakati mwingine ruzuku, kwa safari za dharura. Uliza pia kama jeshi lina msaada wa nauli kwa familia kama yenu katika ugonjwa wa mzazi. Jibu linaweza kuwa hapana, lakini wengi hawaulizi kabisa.

Sasa huyu kaka. Maneno yake yameniuma mimi niliyeyasoma mara moja, sembuse wewe. Lakini najiuliza kama ameshawahi kuiona siku yako moja. Picha unazotuma nyumbani ni zipi? Nadhani ni za maua ya sakura na watoto wakicheka. Hujamtumia picha ya zile ngazi. Silaumu, kila aliye ughaibuni hutuma picha nzuri ili nyumbani wasihuzunike. Matokeo yake ni kwamba wanaamini walichoonyeshwa. Huenda siku moja ukamjibu, si kikundini mbele ya watu bali yeye peke yake, na ukamweleza siku yako ilivyo tangu alfajiri. Anaweza asibadilike. Anaweza pia kuwa anaongea kwa woga wa mtoto wa kwanza anayemwona mama yake amelala, na amekuchagua wewe wa kumwagia.

Mtu ambaye simsikii katika mabishano haya yote ni wifi yako. Yeye ndiye anayemgeuza mama. Yeye ndiye aliyefunga mahamri yake, na kila asubuhi isiyo na mahamri ni pesa ambazo hana. Je, umewahi kumuuliza yeye, peke yake, anahitaji nini? Hela unazotuma zinaingia kwenye simu ya nani? Labda anataka wewe uje. Labda anataka mtu wa kulipwa wa kumsaidia kunyanyua, ili arudi kwenye karai lake saa kumi na moja alfajiri. Labda kinachokosekana ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, maana miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ina thamani kubwa kwa mkono na mguu uliolegea. Uliza pia kama mama ameandikishwa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, na kama michango yake imelipwa. Mazungumzo na wifi yanaweza kukupa picha ambayo kikundi cha WhatsApp hakitakupa kamwe. Yanaweza pia kukuonyesha kwamba pesa haitoshi, na hilo pia ulisikie.

Kwa sababu kuna swali ambalo pesa hailijibu, nalo ni la mama. "Waja lini?" Wewe umelisikia kama wito. Inawezekana ndivyo. Inawezekana pia ni maneno mawili aliyoweza kuyapata mtu ambaye maneno yanamponyoka, na anayatumia kwa kila kitu: nimekukosa, watoto hawajambo, usikate simu. Muulize. Ongea taratibu, mpe muda, mwombe wifi amshike mkono, umuulize maswali ya ndiyo na hapana ambayo anaweza kuyajibu kwa kubana vidole. "Mama, unataka nije sasa?" "Unataka nimsubiri baba watoto?" Unaamua kwa ajili yake bila kumsikia, kama unavyoamua kwa ajili ya mumeo. Mama huyu aliwahi kusema "huyu ndiye" mbele ya mwanawe wa kiume aliyekataa. Sidhani kiharusi kimemwondolea rai.

Na wewe, nani anakusikia? Siulizi nani anakupa ushauri, hao wapo. Kambini kuna kituo cha kusaidia familia, Fleet and Family Support Center, na washauri wake hawalipishi. Kuna kasisi wa jeshi: utakalomwambia kwa siri hana ruhusa ya kulitoa bila wewe kukubali, na hamlazimishi mtu kuwa wa dini yake. Kila meli huwa na mke au mume wa askari aliyeteuliwa na kamanda kuwa kiungo na familia, ombudsman wanamwita, naye anaweza kukuonyesha mlango wa kuanzia. Lakini kuna kulia kwa Kiingereza na kuna kulia kwa Kiswahili. Tokyo ni kama saa moja kwa treni kutoka kwako. Ubalozi wa Kenya upo huko, na kupitia kwao au kupitia makanisa na misikiti utawapata Wakenya na Watanzania walioishi Japani miaka mingi. Siku ya mvua, watoto wamelala, fungua hata idhaa ya Kiswahili ya shirika la utangazaji la Japani, NHK WORLD-JAPAN, usikie mtu akikuelezea nchi hiyo kwa lugha yako. Hayo hayamponyi mama. Ila uamuzi unaofanywa na mtu aliyesikilizwa huwa tofauti na ule unaofanywa peke yako jikoni usiku.

Tumalizie na mvulana wako na kile kitunguu. Mtoto wa miaka sita anajua vitunguu na anajua machozi. Asipoambiwa atajitungia habari yake mwenyewe, na baba yake akiwa baharini, atakayoitunga kwanza ni kwamba meli imepata jambo. Kwa hilo peke yake ningefikiria kumwambia: bibi anaumwa, mkono wake umechoka, watu wanamtunza, mama analia kwa sababu anamkosa, na baba yuko salama kazini. Maneno machache, kisha umwache aulize.

Ila ujue kwamba hawezi kutunza siri, wala si haki kumwomba aitunze. Ukimwambia yeye leo, hesabu kwamba baba atasikia kutoka kwake simu ijayo ya video, labda hata kabla ya salamu. Kwa hiyo kabla hujakaa naye kitandani kumweleza, fikiri kama ungependa mumeo alisikie kwanza kutoka kwa nani.

Niandikie tena ukishaongea na wifi. Nitataka kujua amesema nini.